Kinu Hakioshwi

Karanga zikishavunwa, mtaa wetu wa Makanyagio wote hubadilika harufu. Zinaanikwa kila mahali: juu ya maturubai mbele ya maduka, kwenye mikeka uani, juu ya mabati ya mabanda ya kuku, mpaka pembeni mwa barabara ambako bodaboda zinapita na kuzirushia vumbi. Asubuhi wanawake wanakaa vibarazani wanazimenya, mchana wanakaanga, na jioni kila kinu kinalia. Watu wanaoupenda mji wetu wa Mpanda wanaupenda zaidi miezi hiyo. Mimi miezi hiyo natembea nimemshika binti yangu mkono kwa nguvu, mpaka ananiambia, "Mama, vidole vyangu vinauma."

Ana miaka mitano. Akila karanga anaweza kufa.

Nimejaribu mara nyingi kuiandika sentensi hiyo kwa urefu, nikashindwa. Kazi yangu ni maneno. Najua kuyavika kanga na kuyapaka mafuta. Hili linakataa nguo.

Tuligundua alipokuwa na mwaka na nusu. Jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke mwenye moyo mkubwa kuliko nyumba yake, alimkorogea uji wa lishe wakati mimi niko ndani nahangaika na sura ya saba ya riwaya. Vijiko vitatu tu, aliapa baadaye, na cha tatu mtoto alikitema. Nilisikia kilio kikikatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri. Nilipotoka, midomo ya mwanangu ilikuwa imeumuka kama donge la maandazi, macho yamefunga, na pumzi inapita kwenye tundu dogo sana. Tulipanda bodaboda bila kufunga mlango. Hospitali walimchoma sindano ya paja, na baada ya muda ambao mpaka leo sijui urefu wake, akalia vizuri. Sijawahi kupenda kilio cha mtu kama nilivyopenda kile.

Daktari aliandika kwenye karatasi: karanga, asile kabisa, hata chembe. Neno "hata" akalipigia mstari. Alitupa dawa ya maji ya kutembea nayo, akatuonya kwamba hiyo ni ya kupunguza makali tu. Ikitokea tena tusikae kutazama, tukimbie.

Tangu siku hiyo sijatulia.

Shida ni kwamba Katavi hakuna mtu anayekula kila kitu. Kaa na watu sita kwenye sinia moja, na kila mmoja atakuwa na chake anachokiruka. Yule jirani yangu ni Msabato: nguruwe hali, na kambale hali, maana hana magamba. Mume wangu ana vidonda vya tumbo, amekatazwa maharage, pilipili na soda. "Daktari alisema nisile," ananiambia huku kijiko kiko ndani ya maharage. "Hakusema nisionje." Masharti yake huanza Jumatatu na kuisha pale mtu yeyote anapomwambia karibu. Na mama yake, kule milimani Mwese, hali kondoo, kama ambavyo mama yake hakula, na bibi yake hakula.

Kwa hiyo nikisema, "Mwanangu hali karanga," watu huitikia kwa heshima, kisha wanalipima uzito katazo lenyewe.

"Ni dini?"

Si dini.

"Ni ya ukoo?"

Si ya ukoo.

"Aa, ya hospitali."

Na ya hospitali, kila mtu anajua, ina mlango wa nyuma.

Jirani yangu, baada ya kulia na kuomba radhi siku zote zile, alikuja kunifariji kwa namna yake. "Mdogo wangu, usijitese hivyo. Hata mimi naweza kula mboga iliyoguswa na mafuta ya nguruwe bila kujua. Mungu anautazama moyo."

"Karanga haitazami moyo, dada."

"Kweli hiyo haitazami," akasema, na tangu siku ile haji kwangu bila kunawa kwanza bombani. Ni mmoja kati ya wachache walionielewa.

Sokoni nilishakuwa kichekesho. Kuna mama anayeuza dagaa wa Ikola, anawaleta kwenye magunia kutoka ziwani. Siku moja nilimuuliza lile gunia kabla ya dagaa lilibeba nini.

"Gunia?"

"Ndiyo. Lilitoka wapi?"

Aliwageukia wenzake. "Jamani, huyu dada anauliza ukoo wa gunia. Unataka kulichumbia?"

Walicheka wote, na mimi nilicheka, huku nimeinama nalinusa. Sikununua.

Hivyo ndivyo nilivyoishi: kunusa, kuuliza, kuosha, kuuliza tena. Kwenye mkoba wangu, pale wenzangu wanapoweka poda, mimi nilikuwa na chupa ya dawa, kijiko na ile karatasi ya daktari iliyochakaa kwenye mikunjo. Nilikuwa naandika aya moja, nasimama, nachungulia uani. Naandika nyingine, nasimama. Riwaya yangu imejaa sura fupi fupi. Mhariri aliwahi kuzisifia, akasema zina kasi. Sikumwambia sababu.

Alipokaribia miaka mitano, binti yangu alitakiwa kuanza shule ya awali. Iko karibu, ukisimama kwenye kibaraza chetu unasikia watoto wakiimba herufi. Lakini saa nne wanapewa uji, na kwenye unga ule kuna karanga. Nilikwenda na karatasi yangu kwa mpishi, mama wa Kisukuma mwenye mikono minene na sauti ya kuita ng'ombe. Aliitazama karatasi mbele na nyuma.

"Usiwe na hofu, mama," aliniambia kwa wema kabisa. "Huyu nitamchotea juu juu. Karanga huwa zinazama chini."

Nilimshukuru, nikamrudisha mtoto nyumbani. Mwaka mzima alicheza shule peke yake uani na vifuniko vya soda. Yeye mwalimu, vifuniko wanafunzi. Saa nne alikuwa akivipanga mstari na kuvigawia uji wa mchanga. Nilimtazama dirishani. Nilikuwa namlinda asife, sawa; lakini nilikuwa pia namfundisha kuwa peke yake. Januari itakuja tena, nilijiambia, nayo nitaiambia nini?

Kabla ya Januari ikaja harusi.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa anaoa huko Mwese, mwezi wa saba, karanga zikiwa bado mbichi mbichi kwenye kila ghala. Nilitafuta sababu za kutokwenda. Mume wangu alizisikiliza zote akiwa anafunga mnyororo wa pikipiki.

"Ni mdogo wangu wa mwisho," alisema. "Na Kuru anataka kumwona mjukuu wake."

Kuru ndiye mama yake. Wao wana asili ya ng'ambo ya mpaka, wamezaliwa na kuzeekea kwenye vilima hivi, na bibi wanamwita nyogokuru. Ulimi wa binti yangu ulilikata neno likabaki Kuru, na sote tukamfuata.

Hapa nina jambo la kukiri. Kuru ana sufuria yake. Ni ndogo, nyeusi kwa moshi, ina kamba ya katani kwenye mkono wake mmoja, na hutundikwa kwenye msumari juu ya ukuta wa jiko, mbali na vyombo vingine. Wake za wanawe wanakula kondoo, na vyombo vya sherehe huazimwa kanisani na kwa majirani. Nani ajuaye vilipika nini? Kwa hiyo Kuru hula vilivyopikwa kwenye sufuria ile tu, kwa upawa wake, kwenye jiko lake la mafiga matatu lililo upande ambao upepo unatoka. Mara ya kwanza nilipoyaona hayo, nikiwa bibi harusi mpya mwenye vitabu kwenye begi, niliona ushamba. Nikaandika hadithi fupi ya kikongwe na sufuria yake. Niliisoma Dar es Salaam mbele ya waandishi wenzangu, wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilirudi Mpanda nimevimba kichwa.

Basi tukapanda mlima, watatu kwenye pikipiki, mtoto katikati. Nilibeba mchele wangu, mafuta yangu, sufuria yangu, kijiko, sahani ya bluu ya plastiki. Baridi ya Mwese ilitupokea, na moshi, na wanawake wasiopungua ishirini uani kwa Kuru wakiosha, wakimenya, wakikata. Na karanga. Beseni zima la karanga zilizosagika lilikuwa limefunikwa kanga, tayari kwa mchicha wa wageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mleteni huyu." Kuru alimshika mjukuu wake kidevu, akamtazama mdomoni kama anayenunua mbuzi. "Bado hali?"

"Bado, mama. Hatakula maisha yake yote."

"Sawa," alisema, akaondoka. Nilimwona ni mtu ambaye hakusikia.

Siku ya kwanza nilishinda. Nilipika wali mweupe pembeni, nikamlisha mwenyewe, nikamkataza kushika mkono wa mtoto yeyote. Wanawake wenzangu wa shughuli walinitania. "Jamani mama wa mjini, mtoto wako ni yai?" Mwingine akadakia: "Yai lina afadhali, yai linapikwa na wenzake." Nikatabasamu. Nikahesabu saa.

Siku ya pili, siku yenyewe ya ndoa, mtoto aligoma. Wali mweupe tena? Watoto wote walikuwa na kisamvu, kijani, kinanukia, na yeye alikuwa na sahani ya bluu yenye kitu cheupe. Alilia kile kilio cha chini chini ambacho si cha deko. Nikasema, leo na yeye atakula wanachokula wenzake. Nitapika mwenyewe, kila kitu kwa mkono wangu, nani atanidanganya?

Nilikwenda shambani nyuma ya nyumba nikachuma majani machanga ya muhogo. Niliyaosha mara tatu. Niliomba kinu, mama mmoja akaninyooshea kidole: kile pale, kimeoshwa. Kweli kilikuwa kimeoshwa. Kilikuwa kimeegeshwa juani, kinywa kikitazama chini, kikavu, kisafi kama sahani ya kanisani. Nilitwanga mpaka kifundo cha mkono kikauma, na nilikuwa na furaha. Ndiyo, nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa na furaha. Nilihisi kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu na nusu kwamba nimeshinda kitu. Nikabandika kwenye sufuria yangu, kitunguu changu, nyanya yangu, mafuta yangu. Nikampakulia kwenye sahani ya bluu, nikamwambia asubiri kipoe, nikageuka kutafuta maji ya kunawa.

Nilisikia sauti ya Kuru nyuma yangu.

"Hiki umetwangia wapi?"

"Kwenye kinu kile, mama."

Hakuniuliza tena. Aliinyakua sahani mbele ya mtoto na kumwaga kisamvu chote kwenye majivu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha mama wa bwana harusi, kipya, na tone la kijani lilikuwa limerukia kifuani.

Damu ilinipanda. "Mama! Nimepika mwenyewe! Hakuna karanga humo!"

"Hujaweka wewe. Kinu kimeweka."

"Kimeoshwa, mama, nimekiona."

"Kinu hakioshwi," alisema Kuru. "Kinu kinamwagiwa maji tu. Huu ni mti. Mti unakunywa." Alikiinamia, akaingiza kidole mpaka chini kabisa, kwenye ufa ambao mimi sikuwa nimeuona, akakuna kwa ukucha. Akakileta kidole puani pangu. Kulikuwa na utando mweupe wenye mafuta. Harufu ile naijua kuliko harufu ya nyumba yangu.

Hapo ndipo nilipomtazama mtoto. Kisamvu kilikuwa kimemwagwa, lakini kwenye kidole chake cha shahada kulikuwa na rangi ya kijani.

"Umekula?"

Alitikisa kichwa haraka. Halafu, kwa sauti ndogo, akiwa ananitazama usoni, alisema maneno ambayo alikuwa ameyasikia mezani kwetu kila siku ya Mungu:

"Nimeonja tu."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na suti yake ya harusi. Niliona uso wake ukianguka.

Nilimnywesha dawa kwa haraka hadi nusu ikamwagika shingoni kwake. Kwenye shingo ileile, wakati nafuta, viliinuka vipele vya kwanza. Mdomo wa chini ukaanza kujaa upande mmoja. Mume wangu hakuvua koti. Alipiga kiki pikipiki mara moja, ya pili ikawaka, tukapanda, na nyuma yetu nikasikia tarumbeta na vigelegele vya watu wanaokuja kumchukua bwana harusi.

Zahanati iko chini ya kilima. Njia ile ina mawe na makorongo, na mume wangu aliikata kama haipo. Mimi nilikuwa nimeweka sikio mgongoni kwa mtoto. Nilisikia pumzi, kisha shimo, kisha pumzi, kisha injini tu. "Imba," nilimwambia. "Imba herufi." Aliimba a, e, i, akakohoa, nikamwambia rudia. Alirudia. Njia nzima aliirudia, sauti ikizidi kukwaruza, na kila irabu niliipokea kama mtu anayepokea zawadi asiyoistahili.

Muuguzi alitazama mara moja tu, akachoma sindano. Hakuuliza ni dini au ni ukoo. Tulikaa kwenye benchi lake la mbao, mtoto mapajani pangu, tukimtazama mdomo kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Mume wangu alikuwa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Ni mimi," alisema mara moja. "Ni mimi na mdomo wangu."

"Ni mimi na kinu changu," nikamjibu.



Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa ziwa Kuru alipofika. Alitembea. Mwanawe wa mwisho alikuwa anaoa, watu walikuwa wanamtafuta akae kiti cha mbele, na yeye alikuwa ametelemka kilima kwa miguu, kitenge kipya kimejaa vumbi hadi magotini, mkononi ameshika sufuria yake nyeusi kwa kamba yake ya katani. Ndani kulikuwa na uji mwepesi wa mahindi.

"Anaweza kula?"

Muuguzi alisema anaweza, kidogo kidogo.

"Humu," aliniambia Kuru akiifunua, "tangu nimeinunua haijaingia kitu nisichokijua."

Mtoto alikunywa kwa upawa wa bibi yake. Vipele vilikuwa vinaanza kufifia, mdomo unarudi mahali pake taratibu. Kuru alikaa kando yangu kwenye benchi, akavua viatu, akakung'uta mawe.

"Nilisikia uliniandika," alisema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Mume wangu akageukia dirisha, nilijua aliyemwambia.

"Mimi na sufuria. Ukawasomea watu."

"Ndiyo, mama."

"Walikuwa wengi?"

"Kama ishirini."

"Walicheka?"

Nilishindwa kusema uongo mbele ya sufuria ile. "Walicheka, mama."

Alifikiri. "Basi nilikuwa nachekesha," alisema. Kisha, bila hasira, kama mtu anayenifundisha kufunga mzigo: "Wewe ulikuwa unamtafuta karanga kwenye chakula. Karanga anayeonekana hana shida, hata kipofu atamnusa. Tafuta alikopita. Sisi kondoo tunamjua hivyo. Chungu kilichompika mwaka juzi, mpaka leo ni chungu cha kondoo. Hata ukikisugua kwa mchanga. Hatuulizi, 'Kuna kondoo humu?' Tunauliza, 'Chombo hiki kimetoka wapi?'"

Nilikumbuka lile gunia la dagaa sokoni. Nilikuwa nimeuliza swali sahihi kwa gunia, nikalisahau mbele ya kinu, kwa sababu kinu nilikishika mimi. Nilijiamini. Ni kosa ambalo Kuru asingelifanya hata usingizini, maana yeye hakuwahi kuamini mkono wake mwenyewe. Aliamini msumari na kamba.

Sitaki kusema kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja. Kuru akila kondoo kwa bahati mbaya atatapika kwa kinyaa, ataona aibu mbele ya waliomtangulia, na kesho ataamka. Mwanangu huenda asiamke. Lakini mwanamke anayehofia aibu tu alikuwa amejenga uzio mrefu kuliko wangu mimi ninayehofia kumpoteza mtoto.

Tulirudi harusini wakati wanagawa keki. Kuru alikaa kiti chake cha mbele na vumbi lake. Hakuna aliyenitania tena kuhusu yai.

Januari ilifika, na mvua zake. Kuru alitelemka Mpanda kutusalimia na gunia la maharage, ambalo mume wangu alilitazama kwa huzuni. Tangu Mwese haonji mbele ya mtoto. Nyuma yake sijui.

Asubuhi watoto wa shule walianza kuimba herufi. Binti yangu alikuwa uani na vifuniko vyake.

"Huyu haendi shule?" Kuru aliuliza.

Nilimweleza habari ya uji, ya mpishi, ya kuchota juu juu. Nilimwonyesha ile karatasi. Hajui kusoma; aliishika kwa adabu akanirudishia.

"Twende," alisema, akatundua sufuria yake kutoka kwenye msumari alioupigilia jikoni kwangu siku ileile aliyofika.

Mpishi alitupokea kwa furaha, akamwamkia Kuru, akamkaribisha chai.

"Mwanangu, chombo chako kimewahi kupika kondoo?"

Mpishi aliangua kicheko. "Bibi, hapa shuleni nyama tunaiona kwenye vitabu!"

"Hata hivyo nitie humu," alisema Kuru, akamnyooshea sufuria. "Mimi kondoo sili. Wala kilichomgusa."

Kicheko kilikatika, heshima ikakaa mahali pake. "Aa, pole bibi. Sikujua. Hata ukoo wa mama yangu nao wana nyama yao ya porini. Mjomba alikuwa hakai hata moshi wake unapopita."

"Basi huyu mjukuu wangu," alisema Kuru, akamvuta mtoto mbele, "karanga kwake ni hivyo. Tena yake ni kali kuliko yangu. Mimi nikikosea natapika. Yeye akikosea tunamzika."

Mpishi alimtazama mtoto kama vile ndiyo kwanza anamwona. "Hata moshi?"

"Hata upawa."

"Na haitolewi? Hamna mganga wa kuitoa?"

"Haitolewi."

"Mbona hukuniambia hivyo, mama?" mpishi alinigeukia, amekasirika kweli. "Ukaniletea karatasi!"

Mimi, mtu wa maneno, niliikunja karatasi yangu nikairudisha mkobani.

Walipanga wao wawili. Unga nitaleta mimi. Utapikwa wa kwanza, kabla mfuko wa unga wa shule haujafunguliwa. Sufuria ya mtoto itakaa kwenye msumari wake, ikiwa na kamba. Mtoto mwenyewe alichagua kamba nyekundu. Atakaa mwisho wa benchi, upande wa upepo. "Na hawa wengine," alisema mpishi, "nitawanawisha kabla na baada, hata wakilia." Mwalimu alipewa chupa ya dawa na namba zetu za simu, na bodaboda wa kona akaambiwa kwamba saa nne asichukue abiria wa mbali.

Siku ya kwanza nilimwacha darasani, nikaaga, nikatembea mpaka kona, nikarudi. Nilisimama nje ya uzio wa michongoma mkoba ukiwa begani. Saa nne ikapigwa. Walitoka mbio, wakanawa, wakakaa. Nilimwona wangu mwisho wa benchi na kikombe chake. Msichana wa kando yake alichovya kidole kwenye uji wake mwenyewe, akakinyoosha kuelekea mdomo wa mwanangu, kwa upendo, kama wanavyofanya watoto wanaotaka urafiki.

Mguu wangu ulishaingia kwenye michongoma.

Sikusikia walichosema. Niliona tu binti yangu akifunika kikombe chake kwa kiganja, akarudisha kichwa nyuma, akatikisa, mara moja, taratibu, kama alivyofanya bibi yake alipokataa nyama kwenye kila sherehe ya maisha yake. Kisha akasema kitu, na yule msichana akacheka, akalamba kidole chake mwenyewe, akaenda bombani kunawa.

Niliuchomoa mguu kutoka kwenye miiba. Ulikuwa unatoka damu kidogo. Nilijiambia sasa naweza kwenda nyumbani, kuna sura inanisubiri. Nilibaki pale mpaka wakamaliza uji, wakarudi darasani, na nikaisikia sauti yake, miongoni mwa sauti nyingine, ikiimba a, e, i.